Mdomo Uko Kushoto

Shangazi yangu alichora kwa nukta. Alichukua kalamu yenye ncha nyembamba kama sindano akadonoa karatasi, tik, tik, tik, mpaka kutoka katika zile nukta akatokea panzi, au jino, au tumbo la mbu. Penye kivuli alizibana nukta, penye mwanga aliziachanisha. Picha moja ilimlia siku tatu, mara nyingine wiki nzima. Ndiyo maana kazini walimwita Nukta, na jina likamganda, hata bibi yangu aliyemzaa akasahau kumwita kwa jina alilompa mwenyewe.

Kazini kwake ni kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule. Yeye alikaa ghorofa ya juu, kwenye chumba chenye dirisha moja na meza aliyoiinamisha kwa kuiwekea matofali mawili chini ya miguu ya nyuma. Chini kabisa alikuwa baba yangu, kaka yake mkubwa, akiendesha mashine ya kuchapa. Baba alirudi nyumbani masikio yakimvuma, akaomba chumvi kwa sauti ya mtu anayeita gari lililompita. Tuliishi nyumba moja, sisi watatu na bibi. Mama yangu alikuwa muuguzi mji mwingine, tulimwona mwisho wa mwezi.

Shangazi hakuwa mgomvi. Angeweza kukaa siku nzima bila kufungua mdomo. Lakini akishaona kitu kwa macho yake, hata umlete nani, haondoki alipo. Kuna mwaka aliagizwa achore ng'ombe akicheka, kwa ajili ya kitabu cha watoto wadogo. Akamchora bila meno ya mbele ya juu. Mhariri mkuu akamwambia, "Nukta, huyu ng'ombe ni kibogoyo." Shangazi akamjibu kwamba ng'ombe wote ni vibogoyo huko juu mbele, na kama ana shaka aende akamfunue mmoja midomo. Mhariri hakwenda, ila ng'ombe alibaki vilevile. Hiyo ilikuwa vita ndogo. Kubwa ilikuja na konokono.

Mwaka huo nilikuwa darasa la tano. Kiwanda kilikuwa kinaandaa kitabu kipya cha sayansi kuhusu wanyama wa ufukweni, na mwalimu mmoja aliyekuwa akiandika maelezo alimletea shangazi boksi la viatu limejaa chupa za dawa. Ndani ya kila chupa mlikuwa na pamba, na ndani ya pamba gamba la konokono wa baharini. Yalikuwepo makubwa kama ngumi na mengine kama kifungo cha shati. Chupa ya mwisho ilionekana tupu. Shangazi alitaka kuitupa, kisha akaona kwenye pamba kitu kama uchafu wa kahawia. Akakitoa kwa kibano, akakiweka chini ya lenzi.

Kilikuwa gamba zima. Dogo kuliko punje ya mchele, refu, jembamba, limejipinda kama skrubu, na kila pindi limezungushiwa safu za vinundu vidogo vinavyong'aa, kana kwamba kuna mtu amekaa akatunga shanga na kumvika konokono. Jioni alituletea nyumbani tulione. Bibi alitazama kwenye lenzi akasema, "Mungu naye ana muda."

Lilimchukua siku nne kulichora. Siku ya tano mhariri mkuu alipanda ngazi, akaitazama picha, akaiweka kando ya zile nyingine.

"Kazi nzuri," akasema. "Ila hii umeichora kinyume."

"Kinyume vipi?"

"Hawa wote midomo yao iko kulia. Huyu wako uko kushoto."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinasimama juu ya jambo hili moja. Ukiokota gamba la konokono, lishike ncha ikiwa juu na ule uwazi anaotokea mwenyewe, yaani mdomo wake, ukutazame. Karibu kila mara utakuta mdomo uko upande wako wa kulia. Konokono hujenga gamba lake kidogokidogo maisha yake yote. Ile ncha ya juu ndiyo nyumba yake ya utotoni. Kadiri anavyokua huongeza ukuta mdomoni, akizunguka, akizunguka. Walio wengi huzunguka kuelekea kulia. Lakini wapo wachache wanaozunguka kuelekea kushoto, na yule mdogo wa kwenye pamba alikuwa mmoja wao.

"Uko kushoto kwa sababu uko kushoto," shangazi akasema. Akamsogezea lenzi. "Tazama."

Mhariri akainama, akafumba jicho moja, kisha la pili, akanyanyuka. "Mimi naona tope tu. Ngoja nimpigie mtaalamu."

Mtaalamu alikuwa mzee wa chuo kikuu ambaye jina lake lingewekwa kwenye jalada la kitabu. Mhariri alifungua sauti ya simu ili wote wasikie. Mtaalamu alikuwa na haraka. Nyuma yake mlango ulisikika ukifunguliwa na kufungwa. Akasema konokono wa baharini huzunguka kulia, hilo linajulikana, na huyo mchoraji bila shaka alikuwa akichora kwa kutazama kwenye kioo.

"Sina kioo," shangazi akasema kwa sauti iliyofika. "Ninalo gamba. Njoo ulione, au nikuletee."

"Binti, nimefundisha somo hili miaka thelathini."

"Hilo sijabisha. Nimeuliza kama umeliona hili."

Simu ikakatwa. Mhariri akashuka zake akitikisa kichwa.

Jumapili iliyofuata shangazi alinichukua twende baharini maji yakiwa yametoka. Alikuwa amemuuliza yule mwalimu wa chupa alikookota gamba, akaelekezwa kwenye miamba iliyo nyuma ya kituo cha kuuzia mafuta, mahali ambapo hakuna anayekwenda kutembea kwa sababu mawe yanachoma nyayo. Tulivaa viatu vya zamani tukakaa tumeinama mpaka mgongo ukaniuma. Chini ya jiwe moja lililoning'inia palikuwa na sifongo la rangi ya chungwa. Wengi hudhani sifongo ni mmea, kumbe ni mnyama, laini, mwenye matundu, asiyekwenda popote. Na juu yake, kama vijiti vya kiberiti vilivyovunjwavunjwa, walikuwa konokono wetu. Hai. Wanakula. Kumbe sifongo ndilo chakula chao na ndiyo meza yao.

"Hesabu," shangazi akaniambia, akanipa lenzi. "Na uniambie midomo iko wapi. Usiniulize mimi, na wala usinitazame usoni."

Nilihesabu kumi na mmoja. Sikuwagusa, nilizungusha shingo tu. Wote kushoto. Wa kumi na moja nilimrudia mara tatu kwa kuwa nilitamani sana awe kulia, nimwone shangazi atafanya nini. Kushoto.

Tuliwaacha wakila, tukaokota magamba matatu matupu yaliyonasa kwenye mchanga wa ufa wa jiwe, tukarudi. Jumatatu aliyaweka yote mezani kwa mhariri. Mhariri hata hakuinama.

"Nukta, tuseme uko sahihi. Tuseme. Ukurasa mzima midomo iko kulia, mmoja uko kushoto. Mtoto atachanganyikiwa. Mwalimu atachanganyikiwa. Watasema tumekosea."

"Basi andika chini yake: huyu ni tofauti."

"Kitabu kinakwenda mashineni wiki hii."

Shangazi alidhani ameshinda, kwa kuwa mhariri hakubisha zaidi. Siku ya kuchapa alishuka kumpelekea baba chakula alichokisahau, akapita kwenye rundo la karatasi zilizotoka zimelowa wino. Ukurasa wa kumi na tisa. Nukta zake zote zilikuwepo, kila moja mahali pake, lakini mtu alikuwa ameigeuza picha kwenye kompyuta. Kubofya mara moja tu. Mdomo ulikuwa kulia.

Mambo ya siku hiyo nimeyasikia kwa baba na kwa shangazi, na wote wawili wanayaeleza sawa, isipokuwa baba anasema shangazi alipiga kelele na shangazi anasema hapana, mashine ndiyo iliyokuwa inapiga kelele.

"Zima!" akamwambia baba.

"Nini?"

"Zima mashine!"

Baba akatikisa kichwa. Zikibaki karatasi elfu kadhaa huwezi kuzima tu, wino unakauka. Shangazi akaweka chini bakuli la chakula, akamzunguka kaka yake, akabonyeza kitufe chekundu cha dharura kwa kiganja kizima. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Vijana wa kufunga vitabu wakaacha kazi. Baba anasema hajawahi kusikia kimya kama kile mle ndani. Alimsikia mtu akimeza mate.

Mhariri mkuu akaja mbio. "Nani amezima?"

"Mimi," shangazi akasema. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitufe.

"Toa mkono."

"Rudisha picha yangu kama nilivyoichora."

"Haiwezekani sasa hivi. Ni mdudu mdogo kama chawa! Nani atamtazama?"

"Watoto. Ndio mnaowachapia."

Mhariri akamgeukia baba. "Wewe ndiye fundi wa mashine. Washa."

Baba alisimama kati yao na kitambaa cha wino mkononi. Akasema taratibu, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Dada, ondoa mkono. Tafadhali." Shangazi akaondoa mkono. Kisha akasema, "Sawa. Lakini jina langu mtalitoa. Huyo mnyama hayupo duniani, mmemtunga nyinyi. Sitaweka jina kwenye mnyama asiyekuwepo."

Na jina likatolewa. Ilibidi bamba zima la kuchapia ukurasa wa kwanza, ule wenye majina, litengenezwe upya, na siku hiyo haikuchapwa tena karatasi hata moja. Shangazi aliambiwa asirudi. Alipanda juu, akafunga kalamu zake kwenye taulo, akayaacha yale matofali mawili chini ya meza, akaja nyumbani kwa miguu. Kesho yake baba akawasha mashine.

Walikaa wiki mbili bila kusemeshana. Nilikuwa ndiye mpeleka habari: mwambie baba yako maji yamechemka, mwambie shangazi yako nimeona. Siku moja bibi alichoka, akaweka kijiko chini akasema, "Mimi nimezaa watoto wawili, na kumbe wote wamekaa ndani ya konokono mmoja." Baba akacheka kabla ya kujizuia. Shangazi hakucheka. Akasema tu, kwa baba moja kwa moja, "Ulikuwa huna la kufanya. Mimi nilikuwa nalo." Baba akainamia sahani. Lakini waliongea tangu siku hiyo.

Muhula mpya vitabu vikafika shuleni kwetu, vinanukia wino. Nilifungua ukurasa wa kumi na tisa kabla hata ya kutazama jalada. Nilipomweleza shangazi alivaa gauni lake la kwendea harusi, akatia mfukoni lenzi, kibano na chupa yenye magamba matatu, na asubuhi akaenda kwa mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu ambaye hata walimu walikuwa wakichomekea mashati wakisikia viatu vyake.

"Ukurasa wa kumi na tisa una uongo," shangazi akamwambia. "Naomba dakika ishirini na darasa la tano, na kila mtoto awe na penseli."

"Penseli ya nini?"

"Ya kusahihisha."

"Mama, vitabu hivi ni mali ya shule. Haviandikwi ndani."

"Basi nitaandika mimi, vyote arobaini, na wewe uite polisi. Lakini kwanza tazama hapa."

Nilikuwa dirishani, nimetumwa kuchukua chaki na nimesahau njia. Mwalimu mkuu alitazama kwenye lenzi. Akatazama kitabu. Akarudi kwenye lenzi. Akaligeuza gamba kwa ncha ya kibano, pole kabisa, kama anageuza mtoto mchanga.

"Nani mwingine amesema hivi?" akauliza.

"Hakuna."

"Na mtaalamu wa kwenye jalada?"

"Hajaangalia."

Mwalimu mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Dakika ishirini," akasema. "Na iwe penseli, sio wino."

Shangazi alipoingia darasani nilitamani ardhi inimeze, maana alianza kwa kusema, "Msiniamini." Kisha akatupanga mstari. Kila mmoja aliinama kwenye lenzi, akashika daftari kwa mkono mmoja, akaandika K ya kushoto au L ya kulia bila kumwonyesha mwenzake. Kijana mmoja mbishi wa dawati la nyuma alibisha kwamba kitabu hakiwezi kukosea kwa sababu kimechapwa. Shangazi akamwambia, "Kaka yangu ndiye aliyekichapa, na leo asubuhi amevaa soksi mbili tofauti." Darasa likaangua kicheko. Yule kijana akainama kwenye lenzi kwa muda mrefu kuliko wote, akatoka amekunja uso, akaandika K.

Tulipofungua madaftari zilikuwa K arobaini. Tukachukua penseli, tukakata ile picha kwa mstari mmoja, na pembeni kila mtu akachora konokono wake. Wengine walichora kitu kama karoti. Shangazi hakujali karoti. Alipita dawati kwa dawati akitazama mdomo tu.

Baada ya shule yetu akaenda nyingine, na nyingine, zikafika tisa. Kwingine alifukuzwa getini. Alikaa nje mpaka watoto wakatoka, akawaonyesha hapohapo ukutani. Kiwanda kikamwandikia barua yenye muhuri, kikimtaka aache mara moja kuharibu vitabu. Aliisoma mara moja, akaigeuza, akachora konokono nyuma yake kwa nukta, mkubwa wa ukurasa mzima, akairudisha kwa posta. Baba alisema huko ni kutafuta matatizo. Shangazi akasema matatizo yalishamkuta zamani, yeye anayapa kiti tu.

Aliyemfikia mtaalamu hakuwa yeye. Mwalimu wetu mkuu, bila kumwambia mtu, alimtumia yule mtaalamu gamba moja, aliloachiwa na shangazi, ndani ya bahasha, pamoja na nakala ya madaftari yetu yenye K arobaini. Wiki tatu zikapita. Kisha mchana mmoja mzee mwenye fimbo akabisha hodi nyumbani. Shangazi alikuwa uani anapaka rangi kibao cha kinyozi, maana kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka mjini.

"Wewe ndiye mchoraji?" akauliza.

"Ndimi."

"Nilisema bila kuangalia."

Shangazi hakumwambia si kitu, wala usijali, wala karibu. Alisubiri.

"Wako wengi wa aina hii," mzee akaendelea. "Jamii nzima ya vikonokono vidogo, wakaao kwenye sifongo, wanaozunguka kushoto. Nilisoma habari zao nikiwa kijana. Ningefikiri dakika moja tu ningekumbuka. Sikufikiri." Akaegemea fimbo yake. "Nimemwandikia mhariri wako."

"Sio wangu tena," shangazi akasema. Ndipo akamvutia kiti.

Kitabu kilichapwa mara ya pili mwaka uliofuata. Mhariri mkuu alituma mtu kumwita shangazi arudi kazini. Alikwenda, akasema atarudi kwa sharti moja: picha yake isiguswe kabla anayetaka kuigusa hajakitazama kwanza kile kilichochorwa. Mhariri akasema kiwanda hakiendeshwi kwa masharti ya mchoraji. Shangazi akaaga. Hakuombwa radhi, na jina lake halikurudishwa. Kitabu kile mpaka leo hakisemi nani alikichora. Nilimuuliza kama hilo halimuumi. Akasema linamuuma sana, na kwamba niandike hivyo siku nikiandika, nisimpake asali.

Siku karatasi za kwanza zilipotoka, baba alikuja na ukurasa wa kumi na tisa ameukunja ndani ya shati. Akauweka kando ya sahani ya dada yake. Shangazi alikuwa anatafuna. Hakuushika kwa kuwa mikono ilikuwa na mchuzi. Aliinama tu, pua karibu na karatasi.

"Wameandika nini chini?" akaniuliza.

Nikasoma: "Huyu ni tofauti. Tazama mdomo wake."

Akaendelea kula, lakini nilimwona baba akimwongezea nyama kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, naye hakuikataa.

Siku hizi kila Jumamosi mwalimu mkuu humpa darasa moja tupu, na yeyote anayetaka kujifunza kuchora vitu vidogo anakuja na penseli yake. Wiki iliyopita msichana mmoja wa darasa la nne, mwenye meno mawili tu ya mbele, alileta gamba jembamba la kahawia ambalo mdomo wake uko kulia, akasema ni aina ileile.

"Haiwezekani," shangazi akasema akiwa bado anachonga penseli. "Hiyo ni aina nyingine."

"Umeangalia?" msichana akauliza.

Shangazi akaweka chini kisu cha kuchongea. Alikuwa hajaangalia. Akavuta benchi, akaketi kando ya yule msichana, wakaanza kuhesabu safu za vinundu, pindi kwa pindi, wakipokezana lenzi. Yeye alihesabu tatu. Msichana alihesabu nne. Mlinzi alikuja kufunga madarasa akawakuta bado wanabishana, na alipowaambia muda umekwisha, ni msichana aliyemjibu asubiri kwanza.